Mshono Niliouficha Kwenye Bawa

Mwanangu Shabani,

Pokea salamu za mtu anayelala chumba cha pili kutoka chako. Najua utacheka kuona baba anamwandikia barua mtoto ambaye jioni hii watakula naye sahani moja. Cheka tu. Lakini kuna maneno ambayo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umeshapiga pasi shati lako la safari. Kwa hiyo leo, wewe ukiwa umekwenda Buhongwa kumuaga bibi yako, nimesukuma cherehani pembeni na kutandaza karatasi pale ninapotandaza vitambaa.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya Nairobi, na ya kutomwamini kila atakayekuita ndugu pale Kisumu utakaposhuka melini, mama yako ameshayasema yote na mengine ameyarudia. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya ile ndege.

Unavyoisimulia wewe, naijua kwa moyo. Ulikuwa na miaka kumi, Daktari akakupandisha kwenye ndege yake, kitambaa cha bawa kikachanika juu ya maji, lakini mishono ya baba yako ikazuia kisichanike chote mpaka mkatua mchangani Kayenze. "Angekuwa ameshona mtu mwingine, tungekufa." Hayo ndiyo maneno yako. Umeyasema sokoni, umeyasema kwa wajomba zako, na juzi nimepata habari kwamba Daktari ameyaandika hata kwenye barua aliyokuombea nafasi kwenye karakana ya ndege huko Nairobi: kijana huyu ni mtoto wa yule fundi ambaye mishono yake ilishika.

Shabani, mishono yangu haikushika. Palipochanika ni pale pale nilipokuwa nimeshona mimi.

Haya, nimeandika. Neno liko kwenye karatasi na nyumba haijaniangukia. Sasa nikueleze taratibu ilivyokuwa.

Ndege yenyewe aliileta Bwana Jivan, mwenye kinu cha pamba, yule aliyekuwa akija kwetu kushonewa makoti. Alikwenda Nairobi akakaa wiki chache, akarudi rubani. Kwa mwezi mzima alivaa kofia yake ya ngozi hata dukani, jasho likimtiririka masikioni. Ilikuwa ndege ndogo, injini moja puani, viti viwili vilivyo wazi, na mabawa mawili, moja juu na moja chini. Watu walidhani ni ya chuma. Haikuwa ya chuma. Mabawa yalikuwa mbavu za mbao nyembamba zilizovikwa kitambaa cha kitani, kisha kitambaa kikapakwa dawa inayonuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ndiyo maana mtu wa cherehani kama mimi aliingia kwenye habari za ndege.

Ilitua kwenye malisho ya Wasukuma kule nje ya mji, maana hapakuwa na uwanja mwingine. Walizungushia miiba, lakini ng'ombe hawakuambiwa kwamba pale si pao tena. Siku moja fahali akajikuna kwenye bawa, pembe ikapita. Bwana Jivan akaleta fundi wa ndege kutoka Nairobi, Mzungu mfupi mwenye uso mwekundu, na fundi huyo akataka asaidiwe na mtu anayejua sindano. Nikaitwa mimi. Kwa siku tatu alinifundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, lakini mikono yake ilieleweka. Alinionyesha kwamba kitambaa kikichanika hukishoni kwanza, unakifungua zaidi ili uone mbao za ndani. Alinionyesha uzi uliopakwa nta na mafundo yanayofungwa moja moja, ili moja likikatika mengine yabaki. Halafu juu ya mshono akabandika kiraka kikubwa chenye nyuzi zilizochambuliwa pembeni. Nikamwuliza kwa nini kiraka kikae nje hivyo, kila mtu akione. Akagonga bawa kwa kidole. "Rubani taona," akasema. "Fundi ingine taona." Kisha akafungua daftari la ndege, akaandika alichokifanya, akatia sahihi, akanipa kalamu na mimi nitie jina langu chini yake.

Nilisikia fahari siku ile, lakini moyoni nilimwona fundi wa ovyo. Mimi nilifundishwa kazi na babu yako kwenye baraza la duka la Mhindi, na babu yako alinifunza kwamba fundi hodari ni yule ambaye mshono wake huwezi kuuona hata ukiambiwa ulipo. Alinifunza pia kwamba unachokikuta kwenye nguo ya mteja, iwe damu, iwe barua, iwe manukato ya mwanamke asiye mkewe, hukisemi kwa mtu. Nimeishi kwa mafunzo hayo mawili na yamenilisha. Sikujua kwamba kuna kazi ambayo mafunzo hayo hayo yanaweza kuua.

Ng'ombe walirudi. Safari ile ufa ulikuwa mdogo, kama urefu wa kiganja, kwenye bawa la chini. Bwana Jivan akaja mwenyewe hadi kwenye cherehani yangu. Alikuwa amechoka kuitunza ndege peke yake, akataka wenzake wawili waingie umiliki naye, mmoja mpima ardhi na mwingine Daktari.

"Fundi, wageni wangu wanakuja keshokutwa kuiangalia," akaniambia. "Nataka wasione kitu."

"Nikimaliza hutaona hata wewe," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Kwa majivuno kabisa.

Nilipoingiza vidole ndani ya ule ufa ili nivute kitambaa, niligusa ubavu mmoja wa bawa. Ulikuwa umevunjika. Haukuachana, lakini ulikuwa ukicheza, na ncha yake kali ilinichoma kidole. Nilijua maana yake, maana nilikwisha fundishwa. Nilipaswa kufungua kitambaa, kumwita seremala, kuweka kiraka na kuandika kwenye daftari. Nikajiambia mimi ni fundi wa nguo, mambo ya mbao aulizwe mtu wa mbao. Nikachukua uzi mwembamba kuliko unaotakiwa, maana ule mnene ungeonekana, nikashona kwa kuficha kama ninavyoshona koti la harusi, nikapaka dawa juu. Kwenye daftari sikuandika neno. Bwana Jivan alipapasa bawa zima kwa kiganja, akaniuliza, "Wapi?" Nikacheka kwa raha. Sijawahi kushona vizuri vile kabla wala baada ya siku ile.

Wageni wakaja, wakaipenda, ndege ikawa ya watu watatu. Na hapa nikuambie jambo moja, kwa sababu umekuwa ukisema kwamba wewe na rafiki zako wawili mkishajifunza kazi mtanunua ndege yenu. Mimi nilikucheka, nikasema kwanza mnunue baiskeli moja tuone nani atakumbuka kuutia mnyororo mafuta. Sikukucheka kwa kukudharau. Niliiona ndege ya watu watatu kwa macho yangu. Bwana Jivan aliamini kwamba Daktari anaikagua. Mpima ardhi aliamini kwamba Bwana Jivan ameshamwita fundi. Daktari aliamini yaliyoandikwa kwenye daftari. Kuna wakati nyigu walijenga kwa udongo ndani ya kibomba kinachompimia rubani mwendo, wakakaa humo hata sijui muda gani, kila mmoja akidhani mwenzake amechungulia. Mkija kununua, nunueni, nitawaombea. Lakini awepo mmoja wenu ambaye mkiulizwa ndege iko mikononi mwa nani, hamtatazamana.

Daktari alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye alitaka ndege ili awafikie wagonjwa wa visiwani, wale waliokuwa wakifa kwa sababu mtumbwi umechelewa. Alikwenda kujifunza kama Bwana Jivan, lakini yeye hakurudi baada ya wiki chache, na hata aliporudi hakuacha kujifunza. Kila Jumapili alipanda juu ya malisho, akaipunguza injini mpaka ikawa kama inanong'ona, akashuka nayo hivyo hivyo kama karatasi. Kisha anapanda tena. Mji mzima ulimcheka. Walisema Daktari anajua kupaa, tatizo lake ni kushuka. Na alipokwenda safari hakukata maji. Bwana Jivan alikuwa akipita katikati ya ziwa ili wavuvi wamwone, lakini Daktari alifuata ufuko, hata kama njia ni ndefu. Nilimwuliza sababu.

"Injini ni moja, Fundi," akasema. "Ikinyamaza sina ya pili. Nataka chini yangu pawe na mahali."

Kabla ya kupanda aliizunguka ndege yote, akigusa kila kitu kwa mkono. Alipofika kwenye lile bawa la chini, lililokuwa pia na kile kiraka cha kwanza, kama nipo, aliniuliza, "Hapa pako sawa, Fundi?"

Nami nikajibu, "Pako sawa, Daktari."

Sikumbuki nilijibu hivyo mara ngapi. Mara ya kwanza niliona aibu. Baada ya hapo niliona kawaida, maana ndege ilikuwa ikienda na kurudi, nikaanza kuamini kwamba labda ubavu ule haukuwa umevunjika sana.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mama yako alikuvalisha kanzu mpya. Watu walikuwa wengi kwenye malisho, hata wanawake wa sokoni walikuja. Daktari akaniita mbele yao, akanishukuru kwa kazi yangu, halafu akasema, "Mlete mwanao nimzungushe kidogo." Watu wakapiga vigelegele. Wewe ulikuwa umeshanivuta mkono.

Shabani, pale ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Ningeweza kusema una homa. Ningeweza kusema mama yako hataki. Bwana Jivan alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, akitabasamu, na nilijua nikifungua mdomo nitalazimika kusema kwa nini. Nikakubeba mwenyewe, nikakuweka kwenye kiti cha mbele, nikakufunga mkanda kwa mikono yangu. Nilivuta mkanda mara mbili kuhakikisha kwamba umekaza. Ulinicheka, ukasema, "Baba, unaniumiza."

Mkaondoka kufuata ufuko wa kaskazini. Daktari alikuwa amesema ataizunguka Kayenze na kurudi, mwendo wa kuchemsha chai. Chai ikachemka, ikapoa. Watu wakaanza kutazamana. Mama yako aliniuliza, "Mbona hawarudi?" Nilitembea kuelekea ziwani bila kujua naenda wapi. Nilimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jua likiwa linakaribia kushuka akaja mtu na baiskeli kutoka njia ya Kayenze, vumbi mpaka kwenye nyusi, akapiga kelele kwamba ndege iko mchangani, watu wote wazima, na mtoto anakula sato wa kuchoma. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi nikalia kama mtoto mchanga. Watu walidhani ni furaha ya baba. Ilikuwa furaha, lakini haikuwa hiyo peke yake.

Asubuhi yake nilikwenda na Daktari kuitazama. Kitambaa kilikuwa kimefunguka kwenye mshono wangu, kikachanika hadi nyuma ya bawa. Ubavu uliovunjika ulikuwa umesugua ule uzi mwembamba kidogo kidogo mpaka ukaukata. Kilichookoa maisha yenu si mshono, ni zile Jumapili ambazo mji ulimcheka Daktari. Bawa lilipoanza kuzama upande mmoja alipunguza injini, akachagua mchanga uliokuwa chini yake, akashuka kama alivyozoea. Angekuwa katikati ya ziwa, leo ningekuwa namwandikia nani?

Daktari aliinama akatazama, akaniuliza, "Fundi, hii imekuwaje?"

"Jua, Daktari," nikasema. "Jua limeozesha uzi."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema labda ni yeye, labda aliivuta ndege kwa nguvu mno alipokuwa anageuka. Nami nikamwacha aseme hivyo. Akasema pia kwamba mishono yangu iliyobaki ndiyo iliyozuia kitambaa kisichanike chote, na hilo nalo nikaliacha.

Hili ndilo limenila kuliko yote. Unakumbuka kwamba Daktari hakuruka tena baada ya siku ile? Watu walisema ameogopa. Hakuogopa. Alijiona hana mkono, kwamba alikaribia kuua mtoto wa mtu kwa kutojua kazi. Mtu aliyejifunza kuliko wote aliacha kwa sababu mimi niliona haya. Wagonjwa wa visiwani wakarudi kwenye mitumbwi. Ndege ikaachwa kwenye banda la pamba, kila mwenye nayo akimngoja mwenzake, mpaka mchwa wakaimaliza.

Miaka minane nimekaa na hayo. Wewe ukakua, ukaipenda ndege kwa ajili ya hadithi isiyo ya kweli, na Daktari akakutafutia nafasi kwa hadithi hiyo hiyo. Ilipofika habari kwamba umekubaliwa, mama yako alishangilia, mimi nikaenda nyuma ya nyumba. Nilifikiri hivi: huyu mtoto anakwenda mahali ambapo atashika mabawa ambayo watu watapanda. Anakwenda akiamini kwamba mkono mzuri wa baba yake ndio uliomwokoa. Siku akikosea, na atakosea, atafanya nini? Atafanya kama baba yake, bila hata kujua kwamba ndivyo baba yake alivyofanya.

Juzi alasiri nilikwenda kwa Daktari. Nilijua kwamba akikasirika anaweza kuiandikia Nairobi barua nyingine, na safari yako ikaishia hapo. Nilijua pia kwamba nisipokwenda siku ile sitakwenda tena. Nikapiga moyo konde. Alikuwa peke yake, anasafisha vyombo vyake.

"Daktari, shikamoo," nikasema, ingawa tunalingana umri. Akashangaa.

"Una nini leo, Fundi?"

Nikamwambia. Nilianza na pembe ya ng'ombe, nikamalizia na jua. Sikuficha hata kwamba nilicheka Bwana Jivan aliponiuliza wapi. Aliacha kusafisha. Uso wake ulibadilika, nikaona hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Ulimfunga mkanda mwenyewe," akasema. "Mtoto wako mwenyewe!"

"Ndiyo, Daktari."

"Nenda nje."

Nikatoka nje nikasimama juani. Sikuondoka. Sijui nilisimama kiasi gani, lakini baadaye alitoka, akakaa kwenye ngazi, akashika magoti yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Miaka minane, Fundi," akasema. "Kila nikisikia ndege angani nainamisha kichwa. Kumbe mkono wangu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, Daktari. Wewe ndiye uliyemrudisha mwanangu."

Akalia. Nami nikalia. Wazee wawili kwenye ngazi za zahanati, wagonjwa wakipita wakidhani tumefiwa. Halafu ghafla akaanza kucheka, akanipiga bega kwa nguvu iliyoniuma mpaka leo, na sijui kama ilikuwa ya urafiki yote. Nikamwuliza habari ya safari yako. Akasema uende. Akasema ataiandikia karakana tena, lakini kwa kuwaeleza kweli, na kwamba kama wana akili watakupenda zaidi. Akaongeza sharti moja, kwamba wewe uisikie kutoka kwangu kabla hujapanda meli, isiwe kutoka kwa mtu mwingine. Na nilipokuwa naondoka akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka, kama nasikia kuna mtu huku kwetu anayeuza ndege.

Usiku wa juzi nililala usingizi mmoja mpaka adhana. Mama yako alidhani naumwa.

Kwa hiyo uende, Shabani. Sina hofu, na hilo si la kukufurahisha tu, nalisema kwa sababu ni kweli na mimi mwenyewe nalishangaa. Jifunze polepole kama Daktari, hata wakikucheka. Siku ukivunja kitu, aibu itakushika koo, utaona watu wote wanakutazama na mdomo utakuwa mzito kama jiwe. Naijua aibu hiyo ilivyo, na najua pia kwamba ukishasema, inapita upesi kuliko unavyodhani. Mimi ilinichukua miaka minane kujua kitu ambacho kilimalizika kwenye ngazi za zahanati kabla jua halijahama kivuli.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute Nairobi. Mama yako, ambaye nilimweleza yote jana na ambaye hajasema nami tangu jana isipokuwa kuniambia chakula kiko mezani, amesema huo ni woga mwingine. Ni kweli. Ukiisomea huko, hasira yako itanikosa.

Nakusikia uani unamsalimu mama yako, na kuku aliokupa bibi yako wanapiga kelele. Naikunja karatasi hii wino ukiwa haujakauka. Nakuja kukupa mkononi, uisome mbele yangu, na nitasimama hapo hapo mpaka umalize na uniulize chochote unachotaka.

Baba yako,
Fundi Selemani